Kilti Iliyopimwa kwa Rukuu

Siku mliyoniaga pale karakana, mlipokata keki na kunilazimisha nikae kiti cha mbele, Salma aliniuliza swali. "Mzee Faki, sisi tunavaa kilti kwa sababu ndiyo sheria ya duka. Wewe umeivaa mpaka njiani, mpaka kwenye basi, miaka yote hii. Kwa nini?" Nikamjibu kuwa suruali zangu zote ziko kwa dobi. Mkacheka, nami nikashukuru, maana watu wakicheka hawanitazami sana. Lakini swali lilikuwa la haki na jibu halikuwa la haki. Sasa nimekaa nyumbani Barking, asubuhi zimekuwa ndefu, nimeona niliandike lile jibu. Naandika polepole. Shule yangu iliishia darasa la saba kule Wete, Pemba, na mkono wangu umezoea sindano kuliko kalamu. Wale kati yenu mliozaliwa hapa London, mnaokisikia Kiswahili lakini hamkisomi, msomewe na mama zenu.

Mambo ya vyeo sitayataja. Havikuwa vingi, na hakuna hata kimoja kilichonifundisha kushona.

Nilifika mji huu nikiwa kijana, nikakaa kwa mjomba wangu ambaye alikuwa akifanya usafi maofisini na madukani. Moja ya sehemu zake lilikuwa lile duka. Siku moja akasikia wanatafuta mtu wa kupiga pasi, akanishika mkono akanipeleka. Nilikuwa na haya sana siku zile. Nikiingia mahali penye watu watatu, nilisimama karibu na mlango ili niwe wa kwanza kutoka. Mjomba aliniacha pale mlangoni, akaniambia, "Hawa watu wanashona nguo, hawali mtu," akaenda zake.

Mwenye duka alikuwa Bi Morag. Nyinyi hamkumkuta. Alikuwa Mskoti, mfupi, miwani yake ameifunga kamba shingoni, na vidole vyake vya mkono wa kulia vilikuwa vimepinda kwa ajili ya sindano. Alinitaka nimwite Morag tu. Sikuweza. Nikamwita Bi Morag mpaka mwisho, naye akadhani ndilo tamko letu la jina lake.

Sheria yake mliikuta bado ipo: hakuna kuuza nguo usiyoivaa. Kwa hiyo siku ile ile ya kwanza alinipa kilti kutoka zile za kukodisha, akanionyesha pazia la kubadilishia. Kwa mama zenu ambao hawajaiona kwa karibu, kilti ni kitambaa kizito cha sufu, cha mirabamraba, kinachozungushwa kiunoni. Mbele ni bapa, nyuma kuna marinda, na kinafungwa ubavuni kwa mikanda midogo yenye bizimu. Mimi nilikuwa nimevaa kikoi tangu utotoni. Nikasema moyoni, hili si jambo la kufundishwa. Nikaizungusha, marinda nikayaleta mbele maana niliona ndiyo mazuri, nikaipiga mkunjo kiunoni kama kikoi, bizimu nikaziacha zikining'inia. Nikatoka.

Bi Morag hakucheka. Alinizunguka mara moja, taratibu, kama mtu anayetazama nyumba kabla ya kupanga. Kisha akasema, "Umeivaa kwa kujiamini. Sasa igeuze."

Ndivyo nilivyoanza. Miezi ya mwanzo ilikuwa pasi tu. Ile pasi nzito mliyoiweka dirishani kama pambo, mimi niliishika mpaka kiganja kikawa na sugu. Unalowesha kitambaa cha pamba, unakikamua, unakitandaza juu ya marinda, unakandamiza, hutelezeshi. Nikitelezesha, Bi Morag alijua hata akiwa chumba cha pili, kwa mlio. Baadaye akanipa subana ya kukinga kidole, akanikalisha karibu yake, akanifundisha kushona marinda kwa mkono. Unakunja ili mirabamraba ikutane nyuma kana kwamba kitambaa hakikukunjwa kabisa. Mkasi hakunipa haraka. Alisema uzi hufumuliwa, lakini kitambaa kikishakatwa kimekatwa.

Mambo mawili katika kazi ile yalinishangaza, na yote mawili yanahusu hadithi hii. La kwanza, kilti haina pindo. Ule ukingo wa kitambaa kama ulivyotoka kiwandani ndio mwisho wake wa chini. Ikishashonwa fupi, imeshakuwa fupi, hakuna cha kuteremsha. La pili, urefu wake hupimwa mtu akiwa amepiga magoti. Niliona wanaume wazima, wengine wanajeshi wastaafu, wanapiga magoti mbele ya yule bibi mfupi, naye anainama kutazama ukingo umefika wapi sakafuni. Wengi walicheka kwa aibu. Mimi sikucheka. Ilikuwa mara ya kwanza tangu nifike London kuona watu wamepiga magoti bila kuwa na la kuomba.

Sala zangu nilizisalia stoo, nyuma ya marobota ya vitambaa. Kilti yangu ya kukodisha iliishia katikati ya goti, na nyinyi mnajua mwanamume anatakiwa kujisitiri toka kitovuni hadi magotini. Kwa hiyo kila adhuhuri nilivua kilti, nikavaa suruali niliyoificha kwenye mfuko, nikasali, nikavua suruali, nikavaa kilti tena. Nilichelewa kila siku. Sikusema sababu. Kiingereza changu kilikuwa kidogo na haya yangu ilikuwa kubwa. Nilingoja nifukuzwe.

Siku moja Bi Morag akanikuta natoka stoo nafunga bizimu. "Faki, kwa nini unavua na kuvaa?"

Nikaweka mkono kwenye kitovu, kisha nikauweka chini ya goti. Akatazama mkono wangu, akatazama kilti, akasema, "Aa," akarudi kwenye kazi yake.

Wiki ile ikapita. Jumatatu iliyofuata akafunga duka wakati wa chakula, akateremsha robota la rangi ya kijani kibichi na buluu iliyokoza, akaniambia nipige magoti. Nikapiga. Akapima. Halafu akasema, "Sasa fanya unavyofanya kule stoo."

Nikamwambia siwezi. Si kwa jeuri, bali nilikuwa sijawahi kufanya rukuu mbele ya mtu asiyesali, tena mwanamke, tena tajiri wangu. Akavua miwani. "Mimi natazama kitambaa tu," akasema. "Wewe sikutazami."

Basi nikainama. Yeye nyuma yangu, na lile pande la kitambaa likiwa limenizunguka, akipachika pini na kuhesabu kwa sauti ndogo. Akaniambia nisujudu, nikasujudu. Akanung'unika kuwa kwa nyuma linapanda, akalishusha, akaniambia nirudie. Nilirudia mpaka akaridhika. Aliikata ile kilti kuanzia juu ya kitovu mpaka vidole vitatu chini ya goti, na nyuma akaongeza kidogo kwa ujanja ambao mpaka leo nikiigeuza nautafuta siuoni. Kuishona alinipa mimi, na kila nilipokosea alifumua bila kusema.

Wateja wa Kiskoti hawakuipenda. Kwao kilti ikipita goti ni ya kizee. Mmoja, mtu wa masihara, alinitazama juu mpaka chini akasema, "Nani kakushonea hiyo, bibi yako?" Bi Morag akamjibu kutoka kwenye mashine, bila kuinua kichwa, "Huyu hupiga magoti mara nyingi kuliko wewe." Yule bwana akanunua soksi akaondoka.

Tangu siku hiyo sikuvua tena. Niliivaa toka nyumbani, maana hapakuwa na sababu ya kubeba mfuko. Na hapo ndipo maswali yalipoanza kwa kweli.

Mmeulizwa na nyinyi, kwa hiyo nitayapitia haraka. Kuna mtoto ndani ya basi anayemuuliza mama yake kwa sauti kubwa. Kuna anayetaka kujua ndani umevaa nini. Huyo mwambieni mmevaa haraka, mnakwenda kazini. Kuna Mskoti anayetaka kujua mirabamraba ile ni ya ukoo gani, maana kwao kila ukoo una yake, na wewe umeipata vipi. Na kuna watu wetu. Watu wetu hawaulizi. Wanakusalimia vizuri, "Assalamu alaikum, sheikh, habari za nyumbani," wanakutazama miguu, kisha wanakwenda kumuuliza mtu mwingine.

Mimi niliwajibu watu kwa majibu ya kuazima. Nilisema ni vazi la milimani, kwenye baridi. Nilisema majeshi yalilivaa. Nilisema ndiyo sare ya kazini. Yote ni kweli na hakuna lililokuwa langu. Bi Morag alinisikia siku moja nikimweleza mteja habari za koo za Uskoti, akangoja mpaka yule mtu ametoka. "Umemweleza kwa nini mimi ninaivaa," akasema. "Hukumweleza kwa nini unaivaa wewe." Nikachukua pasi.

Kazi ngumu zilikuwa nyingi, nitataja moja. Alikuja mtu na kilti ya baba yake, aliyefariki siku ile alfajiri. Mzee alitaka azikwe nayo. Ilikaa darini miaka, nondo wameila mbele na ubavuni, ukiinyanyua kwenye mwanga unaona taa. Yule mtu aliiweka mezani akasema anajua haiwezekani, amekuja tu ili asije akajilaumu. Bi Morag akaifumua yote, marinda yote, mpaka ikawa kitambaa kirefu sakafuni. Tukapiga magoti, yeye upande huu na mimi upande ule, tukatafuta sehemu nzima. Tukaikunja upya, matundu yote yakaingia ndani ya marinda, sehemu nzima zikatoka nje. Nilishona nyuma, yeye akashona mbele. Mtu alipokuja kuichukua aliipitishia mkono mara mbili, akatoka bila kuaga. Bi Morag alisema hiyo ndiyo shukrani ya kweli, wanaoaga vizuri ndio hurudi kulalamika.

Sasa nifike kwenye jibu lenyewe.

Binti yangu Maryam alikuwa amekua, na ikaja posa. Kijana ni wa watu wa Pemba kama sisi, familia yao wanakaa Thornton Heath. Baba yake kijana alishafariki. Mwenye kauli alikuwa ami yake, Mzee Shaame, mtu mkubwa, msomi wa dini, anayezungumza kidogo. Kijana mwenyewe tulimpenda. Maryam alimpenda zaidi, ingawa kwetu alijitia hajali.

Siku zile mke wangu alirudi kutoka msikitini amenuna. "Wanauliza habari zetu," akasema. "Wameambiwa baba wa binti anavaa sketi ya marinda kama mwanafunzi. Mzee Shaame kasema atakuja mwenyewe aone nyumba hii ni ya watu gani."

Maryam akanijia jikoni. Yeye hunijibu kwa Kiingereza, lakini siku ile alikuja na Kiswahili, nikajua jambo ni zito. "Baba, naomba. Siku hiyo moja tu vaa suruali. Ukiulizwa, sema unafanya kazi duka la nguo. Si uongo."

"Si uongo," nikamkubalia.

"Wakikataa, hawatarudi tena. Unawajua."

Nilimwambia asiwe na wasiwasi. Nilimaanisha hivyo.

Wageni wakapangwa Jumamosi, baada ya alasiri. Na Jumatatu ya wiki ile ile Bi Morag akafariki. Alikuwa ameacha kazi muda, ameugua, mpwa wake ndiye aliyekuwa akiendesha duka. Mpwa akanipigia simu: maziko Jumamosi asubuhi, mbali nje ya London, na shangazi yake alisema wazi kuwa Faki awe miongoni mwa wabebaji, na aje na kilti yake mwenyewe, asikodishwe nyingine.

Nikaenda. Ilikuwa baridi, na majani yamelowa njiani. Tulilibeba jeneza toka garini mpaka kaburini. Ndugu zake wawili walikuwa na kilti, fupi zao za katikati ya goti, na mimi na ndefu yangu. Hakuna aliyeniuliza chochote. Niligundua pale kuwa ndiyo mara ya kwanza nimesimama katikati ya watu wote wale, nimevaa vile, na hakuna aliyeuliza. Nilisimama mpaka udongo ulipowekwa, nikachelewa kuondoka, na gari moshi nalo likachelewa.

Nilipofika nyumbani viatu vya wageni vilikuwa vimeshajaa mlangoni. Mke wangu akanipokea ukumbini kwa kunong'ona. "Wamefika zamani. Panda juu, suruali na kanzu nimekuwekea kitandani. Haraka."

Nikashika ukuta wa ngazi. Nilipanda vidato viwili. Mkono wa pili ukagusa bizimu za kilti, ambazo Bi Morag mwenyewe alizishona, maana za kwangu hakuziamini. Nikaona nikiivua saa hii, tena kwa kujificha, nitakuwa nimemzika mara mbili siku moja. Mke wangu alinitazama nikishuka. Maryam alikuwa mlango wa jikoni, ameshika sinia ya vikombe, na uso wake nisingependa kuukumbuka.

Nikaingia sebuleni. Wanaume watano, na Mzee Shaame kwenye kiti cha karibu na dirisha. Nikawapa salamu, wakaitikia, nikawapa mkono mmoja mmoja. Nikakaa. Mmoja wa washenga alianza kusifia mtaa wetu, akaishia njiani.

Mzee Shaame akauliza, "Bwana Faki, vazi gani hilo?"

Nilikuwa na majibu ya kuazima tele. Milima, baridi, majeshi, sare. Nikayatafuta, hakuna lililokuja.

"Nimetoka kumzika aliyenifundisha kazi," nikasema. "Mwanamke wa Kiskoti. Hili ni vazi la kwao, alinikatia yeye. Nilipoanza kazi nilikuwa navua na kuvaa kila sala, naona haya kusema. Siku alipojua, alinipima nikiwa kwenye rukuu. Akanipima nikisujudu. Alinikatia toka juu ya kitovu mpaka chini ya goti, wenzake wakamcheka, naye hakujali. Hakuwa Muislamu. Hakutaka nichague kati ya kazi na sala, basi akanishonea nguo isiyonichagulisha. Ndiyo sababu ninaivaa. Na leo sikuweza kuivua."

Sijawahi kusema maneno mengi hivyo mbele ya watu, kabla wala baada.

Mzee Shaame alitazama dirishani, jua lilikuwa linazama juu ya mapaa. Ikasikika adhana kwenye simu ya mmoja wao. Akainuka, nikajua anaondoka. Nikafikiria nitamwambia nini Maryam.

"Maghribi imeingia," akasema. "Kibla chenu kiko upande gani?"

Nikamwonyesha. Tukatia udhu, mikeka ikatandikwa. Nikasogea nyuma nimpishe, maana pale hapakuwa na mwingine wa kuswalisha isipokuwa yeye.

"Hapana," akasema. "Nyumba ni yako. Tuswalishe."

Soksi zangu ndefu nilikuwa nimezivua kwa ajili ya udhu. Chini ya kilti palibaki miguu yangu mitupu, na yeye akasimama nyuma yangu moja kwa moja. Nilielewa kuwa nimepewa heshima, na nilielewa pia kuwa nimewekwa kwenye mizani. Nikafunga sala. Sauti ilinitoka ndogo. Nilipofika kwenye rukuu nikainama kama nilivyoinama siku ile dukani, na kwa kitambo kidogo nikasikia pini, na mtu anayehesabu taratibu nyuma yangu. Nikasujudu. Uzito wa marinda ukatulia juu ya miguu yangu, pale pale alipouweka.

Nikatoa salamu, kulia na kushoto. Nikabaki nimekaa, mgongo kwao, siwezi kugeuka. Nyuma yangu Mzee Shaame alimaliza tasbihi zake bila haraka.

"Kwa nyuma halipandi," akasema.

Kisha akanigusa bega. "Haya, yakhe, geuka. Tuzungumze habari za watoto wetu."